Bawabu wa Baraza la Kusini

Isidori Nnali hakumtukana mfiwa. Hilo liwekwe sawa kwanza, kabla ya mengine yote, kwa kuwa maneno yanayozunguka Kariakoo tangu azikwe yamekwisha kuota miguu na mikono. Wapo wanaosema alimkejeli mtoto wa watu kwenye msiba wa babu yake, mbele ya dunia nzima, kisha akafuta kila kitu kwa aibu. Wapo wanaoongeza kwamba lile baraza la mtandaoni alikuwa amelifanya shamba lake, anamwingiza amtakaye na kumfukuza asiyempenda. Na wapo, hao ndio wabaya zaidi, wanaosema mjane wake anajua ukweli ila anaona haya kuusema.

Mjane wake ni Benedikta, aliyefundisha jiografia katika sekondari ya wasichana mpaka akastaafu, na katika maisha yake hajawahi kuonea haya kitu chochote isipokuwa vumbi la chaki kwenye sketi. Alilelewa na masista Peramiho, akafundishwa kukaa wima, kusema taratibu na kutocheka kwa mdomo wazi. Kisha, kwa mshangao wa ukoo mzima, akaolewa na Isidori.

Isidori alikuwa kinyume chake katika kila jambo. Alicheka mpaka tumbo likagonga meza. Aliongea na watu wa ng'ambo ya barabara bila kuvuka. Alikuwa mtu wa teleksi katika shirika moja la umma, na alijivuna kwamba vidole vyake vilikuwa vimezungumza na Hamburg na Bombay kabla majirani zake hawajaiona simu ya mezani. Shirika lilipouzwa, yeye na wenzake wakapunguzwa kazini. Wenzake walinunua pikapu, wengine wakafungua baa. Isidori akachukua kiinua mgongo chake, akapangisha ghorofa ya juu ya nyumba ya mzee Rajnikant pale Mtaa wa Livingstone, juu ya duka la vitambaa, akaweka kompyuta na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: INTANETI KAFE – DUNIA IKO JUU NGAZINI.

Ni Manan, kijana wa mzee Rajnikant, aliyemtengenezea Baraza la Kusini. Manan alizaliwa Lindi kabla baba yake hajahamishia biashara Dar, akasomea mambo ya kompyuta, akarudi akisema Kimwera cha sokoni na Kigujarati cha nyumbani kwa kasi ileile. Wazo lilikuwa la Isidori. Watu wa Lindi, Masasi, Newala, Tunduru na Songea walikuwa wametawanyika kila kona, Ilala mpaka Muscat, na njia ile ya Kusini wakati wa masika ilikuwa haipitiki. Habari ya msiba ilichukua siku kufika. Isidori alitaka mahali pamoja ambapo mtu akifa Ruangwa asubuhi, mwanawe aliye Keko au Uingereza ajue kabla jua halijazama.

"Misiba kwanza," alimwambia Manan. "Siasa, mpira na mapenzi yakae chini yake."

Na kwa mwaka mzima ikawa hivyo. Benedikta mwenyewe, ambaye mwanzoni aliita kitu hicho kelele za wasio na kazi, alizoea kupita kafe akitoka sokoni, akivuta kiti na kusoma nani amezaliwa na nani ametangulia.

Kisha wakaja feki.

Walianza mmoja mmoja, wanachama wa bandia wenye majina yasiyotamkika, wakibandika matangazo ya vidonge vya nguvu za kiume na saa za dhahabu. Manan alikuwa akiwafuta akinywa chai. Wiki chache baadaye alikuwa anafuta na chai inapoa. Alifunga jina moja, yakaja kumi. Akaweka zile herufi zilizopindapinda ambazo mtu lazima azisome na kuzinakili ndipo afunguliwe mlango. Feki wakazipita bila kupepesa, wakabaki nje wastaafu wenye miwani, wakipiga simu kafe kulalamika kwamba wamefukuzwa kwao. Akaamua kukagua kila anayejisajili, na hapo ndipo feki walipojifunza Kiswahili. Waliokota sentensi za wanachama wenyewe, wakazibandika upya: "Habari zenu ndugu zangu wa Kusini, nimefurahi sana kujiunga." Nani angemfungia mlango mtu anayesalimia hivyo? Kesho yake ndugu huyo alikuwa anauza vidonge.

Siku moja aliingia kafe Severa, muuguzi, binamu yake Isidori. Alisimama mlangoni na mkoba begani, hakukaa.

"Baba Kolumba," alimwita Isidori kwa jina la mtoto wake. "Baba amezikwa jana."

Isidori aliinuka. "Amezikwa? Nani? Mjomba? Mbona hakuna aliyetangaza?"

"Walitangaza. Kaka alibandika barazani akiwa Lindi mjini, simu yangu ilikuwa mbovu. Na mimi nilifungua, nikaona saa za dhahabu. Nikashuka chini, saa za dhahabu. Nikafunga nikaenda zamu."

Manan alitazama kinanda cha kompyuta yake kana kwamba kimemuuma. Severa hakulia, na hilo ndilo lililomkaa Benedikta moyoni, kwa sababu alikuwa amekaa palepale na mfuko wake wa nyanya, akaona jinsi mumewe alivyovua kofia yake mbele ya binamu yake mdogo kama anayesimama kortini.

"Hilo baraza ama lisafishwe, ama tulifunge," alisema Isidori Severa alipoondoka. "Baraza linaloficha msiba ni baya kuliko kutokuwa na baraza."

"Mzee, nimejaribu kila kitu," alisema Manan. "Ukiuliza swali, wanajibu. Ukiweka picha, wanaisoma. Hakuna kitu mtu anajua ambacho hawa hawawezi kukiiga."

Isidori aliirudisha kofia kichwani. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika.

"Kipo," alisema. "Watukane."

Hapa inafaa msomaji wa mbali aelewe. Wamwera na Wangoni ni watani. Babu za Wangoni waliwavamia babu za Wamwera, wakauana, kisha wakapatana, na katika kupatana huko ikazaliwa ruhusa ya kutukanana bila kuudhika na wajibu wa kuzikana. Mtani hukuita mtumwa wake sokoni, na siku ya msiba wako ndiye anayeosha vyombo, anayechimba, anayekuchekesha ukiwa umekauka machozi. Isidori alikuwa Mmwera. Benedikta ni Mngoni. Kwa hiyo alikuwa amemwoa mtani wake, na kwa miaka yote ya ndoa alimchokoza kila asubuhi, naye Benedikta kwa miaka yote hiyo alimtazama juu ya miwani na kumwambia uji unapoa. Masista walikuwa wamemfundisha kwamba utani ni mambo ya kilabuni.

Ndiyo maana aliposikia mpango huo alisema, "Isidori, utawatukana wageni mlangoni?"

"Mlangoni hasa, Mwalimu. Akiisha kuingia ndani nitampa kiti."

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila aliyejisajili aliulizwa kwao ni wapi. Akijibu, alitafutiwa mtani wa kabila lake kati ya wanachama wa zamani, naye akampokea kwa tusi. Basi. Hakukuwa na swali wala jibu sahihi. Wa kwanza alikuwa mtu aliyejiita Hamis, mzaliwa wa Songea, anaishi Muscat. Isidori alimpokea mwenyewe, akiandika kwa vidole vyake vya teleksi huku akitamka kwa sauti ili kafe nzima isikie:

"Karibu Mngoni. Babu zako walitimuliwa Afrika Kusini wakakimbia mpaka Songea bila kugeuka nyuma, na bado mnajiita mashujaa wa vita. Na wewe Muscat umefika kwa kukimbia nini?"

Benedikta alifumba macho.

Jibu lilikuja kabla mteja wa kompyuta ya pili hajamaliza kulipia. "Wee mtumwa wangu! Nani amekuruhusu kugusa kompyuta kabla hujafagia? Tulipofika kwenu mlikuwa mmejificha milimani, mpaka leo hamjashuka vizuri. Mwambie mkeo akupe ruhusa ya kuongea na wakubwa." Na chini yake, baada ya kitambo: "Ndugu yangu, nina miaka mingi hapa. Watu wananiheshimu sana. Hakuna hata mmoja aliyenitukana tangu nitoke nyumbani. Nimeketi hapa nalia kama mtoto."

Manan alisoma mara mbili. Kisha akamgeukia Benedikta kama anayetaka shahidi. "Mwalimu, umeona?"

Benedikta alikuwa ameona. Alikuwa amefundisha watoto umbali wa Muscat kwa rula na ramani, lakini hajawahi kuona umbali ukifa namna ile. Neno la kilabuni lilikuwa limevuka bahari na kumkuta mtu wake, miongoni mwa mamilioni wasiokuwa wake, likarudi na machozi yake. Alichukua mfuko wake wa nyanya akaenda zake, kwa sababu hakutaka Isidori aone uso wake.

Feki nao? Feki walijibu, "Asante sana kwa mchango wako mzuri." Wengine, "Ninakubaliana nawe kabisa, endelea kutuelimisha." Ukimwambia feki kwamba babu yake alikuwa mwizi wa mbuzi, anakushukuru. Manan alikuwa akicheka mpaka anashika meza, akibonyeza futa, futa, futa. Mambo hayo yalienea. Watu wakawa wanagombania zamu ya ubawabu. Manan mwenyewe alipewa utani na Isidori kwa amri, maana alidai yeye ni Mmwera wa Lindi, na Mmwera hamtanii Mmwera mwenzake.

"Wewe Mmwera wa wapi, muuza shati?" alisema Isidori.

"Babu yangu alichomwa Lindi, mzee. Majivu yake yako kwenu mpaka leo mnayavuta puani."

"Ndiyo maana tunapiga chafya!"

Baraza likawa safi. Tangazo la msiba likibandikwa asubuhi, mchana lilikuwa bado juu kabisa, na watu wakawahi kuzikana.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Palibandikwa tangazo kwamba mzee Melkiori wa Peramiho amefariki. Mbandikaji alijisajili siku ileile, akajitambulisha kama mjukuu wa marehemu, na kwa kuwa msiba haungoji, aliruhusiwa kubandika kabla ya kupokewa na mtani. Tangazo lilikuwa zuri, lenye ukoo mzima, jina la parokia na shukrani kwa madaktari. Mwisho likaomba watakaoshindwa kusafiri watume rambirambi kwa vocha za simu kwa namba ifuatayo. Mzee Melkiori ni mjomba wa Benedikta, ndugu wa mama yake. Simu yake ilikuwa haipatikani, kwa sababu, kama ilivyojulikana baadaye, alikuwa shambani bondeni ambako hakuna mtandao.

Benedikta alisoma akiwa kafe. Alikuwa anajifunga khanga ya pili kiunoni, tayari kwenda kuwaarifu ndugu, aliposikia kinanda kinalia. Alimtazama mumewe, kisha kioo cha kompyuta, na hakuamini anachokiona chini ya jina la mjomba wake.

"Mngoni huyo hajafa, amechoka kukimbia tu," Isidori alikuwa ameandika. "Msimfukie kabla sijafika, nataka mkuki wake nikachomee mihogo. Na jeneza lipimwe vizuri, maana huyu mzee kwa uongo wake hatatosha."

"Futa," alisema Benedikta.

"Ngoja."

"Isidori, ni mjomba wangu! Ni kaka wa mama!"

"Ni mtani wangu. Kama amekufa, mimi ndiye nitakayeingia kaburini kulipima, na wewe unalijua hilo. Mjukuu wa kweli wa Kingoni atanirarua sasa hivi. Ataniita mtumwa, ataniamuru nije nibebe maji. Nataka kuraruliwa, mama Kolumba. Naomba kuraruliwa."

Simu ya kafe ikaanza kuita. Wanachama wa Ilala, wa Temeke, mmoja wa Nairobi. Mzee Isidori amerukwa na akili? Kumkejeli mtu kwenye tangazo la msiba, mbele ya waliosoma na wasiosoma, Wahindi na Waarabu, watu wasiojua utani ni nini? Manan alikuwa anashikilia mkono wa simu mbali na sikio. Benedikta alisimama nyuma ya kiti cha mumewe. Alijua kwamba kama tangazo lile ni la kweli, jina la nyumba yake limekwisha Kariakoo na Songea kwa siku moja. Na alijua pia kwamba kama ni la kweli, atakuwa amemlilia mjomba wake akiwa ameshika kiti cha mtu aliyemcheka. Isidori hakugeuka. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Benedikta aliona kwamba na yeye anaogopa.

Jibu likaja.

"Asante sana kaka kwa maneno yako ya faraja. Mungu akubariki. Tunapokea vocha kwa namba ileile."

Chini dukani mtu alikuwa anapasua kitambaa, na mlio wake ulipanda ngazi. Benedikta alilisoma tangazo tena kutoka juu. Aliyeandika maneno yale alijua ukoo wao wote, parokia yao, jina la ubatizo la bibi yake, na bado hakuwa mtu wao. Vyote vile alikuwa ameviiba kutoka barazani. Kitu kimoja tu hakikuweza kuibwa, nacho ni kile alichokuwa amekidharau Benedikta tangu utotoni, ambacho wazee wasiokuwa na jeshi wala karatasi walikuwa wamekiacha mlangoni pa kila nyumba ya Kusini, kikilinda mpaka leo.

Isidori alibonyeza kitufe. Na hapa ndipo uvumi ulipozaliwa, kwa kuwa baraza lile lilivyotengenezwa, ukifuta akaunti ya feki, uzi aliouanzisha unakwenda naye mzima: tangazo, tusi, na lile jibu la asante. Mamia walikuwa wamesoma tusi. Jibu walilisoma watu wachache waliokuwa wamekaa kwenye kioo dakika ile. Ushahidi wa kumsafisha Isidori ulifutika kwa mkono wa Isidori mwenyewe, akifanya kazi yake.

Benedikta hakumwomba radhi, na mumewe hakungoja kuombwa. Alichofanya ni kumwekea kofia sawa kichwani na kusema, mbele ya Manan na wateja, "Haya, mtumwa wangu. Inuka twende nyumbani, uji unapoa."

Isidori alimtazama mke wake kama mtu aliyeona mlima ukihama. Halafu akacheka mpaka wenye duka chini wakatoka nje kuangalia juu.

Mzee Melkiori alipotoka shambani alipiga simu mwenyewe. "Nasikia mmenizika bila mimi," alisema. "Mwambieni yule mtumwa mkuki wangu asiuguse."

Kuna jambo jingine, na halikwepeki. Jioni ile Manan alichunguza akaunti ile ilifunguliwa wapi, akakuta haikufunguliwa Ulaya wala Asia. Ilifunguliwa palepale kafe, kwenye kompyuta ya dirishani. Wote watatu walikumbuka nani alikaa hapo asubuhi, maana alikuwa mtu wa kukumbukwa, wa nyumba yenye heshima, inayokaa viti vya mbele. Isidori alimwambia Manan afunge mdomo. Akatoka peke yake, akaelekea nyumba hiyo. Aliporudi alisema neno moja tu, "Imekwisha," na hakika hila ile haikurudi tena. Maneno yalipoanza kuzagaa kwamba amemkejeli mfiwa, angeweza kuyakata kwa kutaja jina moja. Hakulitaja. Aliitwa mtovu wa adabu, akanunua sigara kwa wanaomwita hivyo, akacheka.

Ugonjwa ulimchukua miaka miwili baadaye. Siku ya msiba Benedikta alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni Ilala, amekauka, hana chozi wala neno, aliposikia zogo langoni. Watani walikuwa wamefika. Wangoni walikuwa wamelifunga lango kwa benchi, na nyuma ya benchi ameketi mtu ambaye Benedikta hakuwahi kumwona, amevaa kofia kama ya Isidori, amepakata ungo na kuugonga kwa vidole kama kinanda.

"Jina!" alikuwa anapiga kelele. "Kwenu wapi? Umekuja kuuza saa?"

Kila mwombolezaji alitukanwa kabla ya kupita. Aliyejibu tusi aliingia. Mzee mmoja mstaarabu wa benki alisema, "Poleni sana jamani, asanteni," wakamnyanyua juujuu wakimpeleka barabarani. "Feki! Futa! Futa!" Hata padri aliulizwa amefukuzwa na nani huko mbinguni; akajibu kwamba ametumwa kuwahesabu Wangoni, na hajaona hata mmoja aliyeandikwa. Alipita kwa shangwe. Foleni ilikwenda mpaka kona, watu waliojuana kwa majina ya barazani tu, wengine waliokuja kwa basi usiku kucha, na yule mwenye kofia na ungo alikuwa Hamis, ametoka Muscat.

Benedikta aliangalia kupitia dirishani. Alicheka kwa mdomo wazi, akashika ukuta, na katika kucheka machozi yakapata njia. Hilo nalo limesemwa Kariakoo, kwamba mjane alicheka. Ni kweli. Alicheka.

Siku ya arobaini, wageni walipokuwa wanaaga, Awadhi, ambaye sasa ndiye anayesimamia baraza, alimsogelea kwa heshima. Akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Manan amegoma kabisa kusema. Lakini wewe unamjua aliyebandika ule msiba wa uongo. Watu bado wanalichafua jina la mzee. Nipe jina moja tu, niliweke barazani leo, mzee apumzike akiwa safi."

"Isidori ni safi."

"Sisi tunajua, mama. Wao hawajui."

"Basi waambie ulichosikia kwangu: kwamba hakumtukana mfiwa, kwa kuwa hapakuwa na mfiwa."

"Watauliza feki ni nani."

"Watauliza, ndiyo."

"Na huenda hata kumzika mzee hawakuja! Mnawalinda watu ambao—"

"Awadhi." Benedikta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. "Mume wangu alikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote Mtaa wa Livingstone, na bado jina unalolitaka alikufa nalo. Mimi sitalitapika kwa ajili ya watu wa barazani. Sisemi leo, sisemi kesho, na wewe usije kuniuliza tena. Kunywa chai yako."